Umebonyeza, sauti haitoki: kwa nini rekodi za kilimo hugoma kwenye simu

Leo sizungumzii mbolea wala mbegu. Siku hizi meseji ninazopokea zaidi si zile za "bwana shamba, nipulize dawa gani". Ni hizi: "Bwana shamba, nimebonyeza, sauti haitoki." Zinatoka Kishapu, zinatoka Kahama, zinatoka Katoro na Nyarugusu, na nimeshajibu moja moja hadi vidole vimechoka. Basi tuliongee hapa mara moja, na ukimaliza kusoma umsaidie na jirani yako.

Labda unajiuliza kwa nini tuhangaike na sauti wakati maandishi yapo. Wewe unayesoma hapa huna shida. Lakini chukua chupa ya kiuatilifu uitazame: maelezo yamejazwa pale kwa herufi ndogo kama mayai ya kupe. Ule mkanda wa rangi chini ya kibandiko, nyekundu ikiwa ni sumu kali zaidi, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani, watu wengi hudhani ni pambo la kiwandani. Mama wa miaka 60 anayeamka na kulala kwa Kisukuma hatasoma kibandiko kile, na mjukuu anayejua kusoma yuko shule. Redio inatusaidia sana, ila kipindi hupita mara moja tu, na mara nyingi hupita wakati wewe uko shambani au umeshuka duarani. Rekodi iliyoko kwenye simu unaisikiliza usiku ukiwa umekaa, unairudia mara tatu, unamwita na mzee asikilize kile kipande cha kuchanganya dawa. Ikigoma, kazi yote hiyo imepotea.

Tazama sekunde

Kabla hujanipigia, fanya jambo moja. Bonyeza ile alama ya pembetatu ya kuanzisha sauti, halafu usiangalie kitu kingine, angalia namba za sekunde. Zinatembea au zimesimama kwenye 0:00? Jibu lake linatuambia ugonjwa uko wapi, kama vile rangi ya jani inavyokuambia shamba lina njaa ya naitrojeni au lina ukame.

Kama sekunde zinatembea na husikii kitu, rekodi imefika na inapiga. Tatizo liko kwenye simu yako. Simu za Android zina sauti zaidi ya moja: kuna ya mlio wa kupigiwa, kuna ya alamu, kuna ya muziki na video. Mlio wako unaweza kusikika hadi mtaa wa pili huku sauti ya muziki iko sifuri. Kwa hiyo acha rekodi iendelee kutembea, na wakati huohuo bonyeza kitufe cha pembeni cha kuongeza sauti. Ukibonyeza kabla haijaanza, kwenye baadhi ya simu, hasa za zamani, utakuwa unaongeza mlio wa kupigiwa tu.

Halafu angalia Bluetooth. Usicheke, hii ndiyo inayowapata vijana wengi. Jana simu iliunganishwa na sabufa ya sebuleni, leo umekaa nje chini ya mwembe unasikiliza habari za choroko, na kumbe bwana shamba anahutubia viti ndani ya nyumba. Zima Bluetooth, jaribu tena. Pia kama simu yako imekuwa machimboni, tundu la waya wa masikioni huingia vumbi, na simu hudhani umechomeka spika za masikioni. Utaona alama yake juu ya kioo. Toa vumbi taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, usitumie sindano.

Mwenye iPhone aangalie na kile kitufe cha pembeni cha kunyamazisha. Kuna kurasa ambazo sauti yake hunyamaza kikiwa kimefungwa, na kuna ambazo hazijali. Mwenye Chrome aingie kwenye mipangilio ya tovuti aone sehemu ya sauti, huenda mtoto aliifunga akicheza gemu.

Sasa tuje kwa wale ambao sekunde zimesimama kwenye 0:00. Hapo sauti haijafika kabisa. Swali la kwanza ni bando. Wengi wetu tunanunua bando la mitandao ya kijamii kwa sababu ni nafuu. Bando hilo linafungua WhatsApp, meseji yenye kiungo inakufikia vizuri, lakini tovuti ya nje haimo ndani yake. Ukurasa unaweza hata kuonekana kwa kuwa ulishaufungua juzi na simu ikauhifadhi, ila sauti haiji ng'o. Hapo hakuna ufundi wowote, ni kuwa na MB za kawaida.

Swali la pili ni umefungulia wapi. Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook, mara nyingi hutoki nje. Unafunguliwa dirisha dogo la humohumo ndani, na madirisha haya yana vituko vyake. Tafuta vidoti vitatu juu, chagua kufungua kwenye kivinjari, yaani Chrome au Safari au unachotumia. Nimeona rekodi zilizogoma siku nzima zikipiga mara moja kwa hatua hiyo tu.

Swali la tatu ni Opera Mini, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ni kivinjari cha watu wetu, naipenda na mimi. Opera Mini inapokuwa kwenye kiwango kikali kabisa cha kubana data, simu yako haiendi yenyewe kwenye tovuti. Ukurasa hupitia kwanza kwenye seva zao, unabanwa, unaletewa kama picha iliyokwishapikwa. Ndiyo maana unakula MB chache. Lakini kitufe cha kupiga sauti hakifanyi kazi kwenye ukurasa wa namna hiyo, na wakati mwingine hakionekani kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya kubana data ushushe kiwango kimoja, au fungua ukurasa huo kwa Chrome. Ukikuta neno la kupakua, pakua faili lenyewe ulisikilize kwa programu ya muziki.

Na kwa kweli kupakua ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu wa mtandao hafifu. Unatumia MB mara moja, unasikiliza mara ishirini. Unaweza kulihamishia kwenye memori kadi ukampa na mwenye kitochi cha batani ambaye hana intaneti kabisa. Simu ya batani yenye sehemu ya memori kadi kwa kawaida inapiga MP3 bila maneno.

Kitufe ambacho hakikuwepo

Nisimulie jambo moja ili uone kwa nini nalifuatilia hili kama ninavyofuatilia wadudu.

Tangu viwavijeshi vamizi walipothibitishwa nchini mwaka 2017, hakuna msimu wa mahindi ambao sijaitwa kwa ajili yao. Mdudu huyu ana hesabu yake. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache. Viwavi wachanga wanakwangua jani juujuu, unaona vidirisha vyeupe, na hapo dawa inawapata. Wakikua wanazama ndani ya kikonyo, wanajifunika kwa kinyesi chao kinachofanana na unga wa mbao, na hapo unaweza kupuliza hadi bomba liishe wao wako chini wanakula. Kati ya hali ya kwanza na ya pili ni siku, si wiki nyingi.

Mama mmoja wa Kishapu alipigiwa simu na mwanawe aliyeko machimbo ya Geita. Kijana alisikia wenzake wakizungumzia viwavi, akatafuta rekodi ya Kisukuma inayoeleza namna ya kuwakagua na saa za kupuliza, akaipata kwenye ukurasa wa mradi mmoja ambao sitautaja, akamtumia mama kiungo kwa WhatsApp. Alifanya vizuri kabisa. Kwenye simu yake kuukuu ilikuwa imepiga, kwa hiyo aliamini na kwa mama itapiga.

Mama akafungua. Akaona picha ya hindi na maandishi. Akasubiri. Hakuna sauti. Akafunga akafungua tena, akakaa nayo sikioni kama anayepokea simu. Siku nne. Nilipopita kijijini kwa shughuli nyingine nilimkuta kakaa ukingoni mwa shamba.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu.

Akaitika, kisha akanionyesha simu. "Bwana shamba, mwanangu kanitumia mtu wa kunifundisha, lakini mtu mwenyewe hasemi."

Niliishika ile simu. Sauti ya muziki ilikuwa juu, bando lilikuwepo, kivinjari kilikuwa Chrome. Ukurasa haukuwa na kitufe. Aliyeutengeneza aliuwekea sauti ianze yenyewe ukurasa ukifunguka, akaona haina haja ya mtu kubonyeza kitu. Na simu ya mama, mpya aliyonunuliwa na mwanawe, ikakataa kuianzisha.

Tulikagua mistari pamoja. Upande wa juu wa shamba viwavi walikuwa bado wadogo, tukapuliza jioni ileile jua lilipopoa, tukilenga kwenye kikonyo. Upande wa chini walikuwa wamezama. Pale mama alivuna kidogo sana mwaka ule. Ungemwambia siku ya kwanza, angewahi. Mtu wa kumwambia alikuwa ndani ya simu yake muda wote, amefungwa mdomo.

Kwa nini simu inakataa

Usiilaumu simu. Kampuni zinazotengeneza vivinjari ziliweka kizuizi hiki kwa makusudi, na sababu yake ina maana hasa kwetu sisi tunaonunua MB kwa mia tano. Tovuti za matangazo zilikuwa zinaanza kupiga kelele mtu akifungua tu, na kila kelele inakula data yako. iPhone zilikuwa na msimamo huo tangu zamani: sauti haianzi mpaka kidole cha mtu kiguse. Chrome nayo kwenye simu ilikuwa ikidai mguso, na kwenye toleo la 66 la Aprili 2018 sheria hiyo ikakazwa hadi kwenye kompyuta. Video isiyo na sauti inaruhusiwa kujianzisha. Yenye sauti, hapana. Mimi naunga mkono. Fikiria uko kanisani au msibani umefungua ukurasa kimyakimya, mara redio inalia.

Kwa hiyo kama una ukurasa wako, iwe ni blogu yako ya ugani, ukurasa wa AMCOS yenu au wa redio ya jamii, kuna mambo ya kurekebisha wewe, si msikilizaji. La kwanza umeshalijua: weka kitufe kinachoonekana, kikubwa, na uache kabisa kuanzisha sauti yenyewe. Mstari unaotosha ni huu:

`<audio controls preload="none" src="viwavijeshi-1.mp3"></audio>`

Neno "controls" ndilo linaloleta kitufe. "preload" ikiwa "none" inazuia simu isianze kuvuta faili kabla mtu hajabonyeza, ili anayepita tu kusoma asikatwe MB. Ubaya wake ni kwamba urefu wa rekodi hauonekani hadi ibonyezwe, basi uandike mwenyewe pembeni: dakika ngapi, MB ngapi. Mtu wa Nyang'hwale mwenye MB 20 zilizobaki ana haki ya kujua kabla ya kugusa. Chini yake weka kiungo cha kupakua faili hilohilo. Usikiache kamwe, ndicho kinachowaokoa wa Opera Mini.

Wapo mafundi wanaopenda kutengeneza vitufe vya urembo, kwamba ukibonyeza ukurasa unaenda kwanza kutafuta faili, likifika ndipo linapigwa. Kwenye mtandao wa mjini inakubali. Mtandao ukiwa mzito, sekunde zinapita kati ya kidole na sauti, na Safari huona sauti hii haikutokana na mguso, ikaikataa. Kitufe cha kawaida hakina tatizo hilo. Sioni sababu ya urembo kwenye rekodi ya kuua viwavi.

La pili ni aina ya faili, na hapa ndipo machimbo yanaponipa darasa. Kijana akipata dhahabu kidogo, kitu cha kwanza ni iPhone ya mtumba kutoka Katoro. Nyumbani mama ana Tecno au Itel. Familia moja, simu mbili zisizoelewana. Sauti tunazotumiana WhatsApp zimebanwa kwa Opus ndani ya Ogg. Ukiichukua hivyo ilivyo ukaiweka kwenye tovuti, Android itaipiga, lakini iPhone kwa miaka mingi zilikuwa hazipigi Ogg kwenye kivinjari, na hizo za mtumba ndizo za miaka hiyo. Vinasa sauti vya simu za zamani hutoa AMR au 3GP, nazo ni za kuotea. Badilisha kila kitu kuwa MP3. Hataza zake zilikwisha muda, na wabunifu wake wa Fraunhofer kule Ujerumani walisitisha kutoa leseni mwaka 2017 wakisema sasa kuna fomati bora zaidi. Ni kweli zipo bora zaidi, lakini mimi natafuta inayopiga kwa wote.

Hesabu ya ukubwa uifanye mwenyewe, haihitaji kompyuta. Sauti ya mtu anayeongea inatosha kwa kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja. Hiyo ni kilobaiti 4 kila sekunde, 240 kila dakika, kwa hiyo dakika tano ni MB 1.2. Ukiiacha kwenye 128 kama muziki, dakika tano zilezile ni MB 4.8. Na ukipakia WAV ya ubora wa CD bila kuibana, ni zaidi ya MB 50, yaani umemla mtu bando la siku kumfundisha kupalilia. Audacity ni programu ya bure, inabadilisha na kubana. Wakati huohuo kata zile sekunde za mwanzo za kukohoa na "haloo, haloo".

La tatu ni mahali faili linapokaa. Blogger hairuhusu kupakia sauti moja kwa moja, ndiyo maana wengi huweka kiungo cha Google Drive. Kiungo hicho hakielekezi kwenye sauti, kinaelekeza kwenye ukurasa unaoonyesha sauti, na kitufe chako kinapokea ukurasa badala ya MP3. Mimi naona Internet Archive inafaa: ni bure, na inakupa anwani ya faili lenyewe. Popote utakapoweka, anwani ianze na https. Tangu Chrome 80 ya mwaka 2020, ukurasa wa https ukiita sauti ya http, kivinjari hulazimisha https, na seva ikiwa haina, sauti inazuiwa kimyakimya bila kukuambia. Majina ya faili yawe herufi ndogo bila nafasi, kwa seva nyingi "Viwavi.MP3" na "viwavi.mp3" ni watu wawili tofauti.

Na kuna moja lililonisumbua kuelewa kuliko yote. Android zinapiga, iPhone zote zinagoma, faili ni MP3 safi. Kumbe Safari kabla ya kupiga huomba kwanza kijipande kidogo cha faili, baiti mbili tu, kuona kama seva inaweza kugawa vipande. Seva ikipuuza ikamwaga faili zima, Safari inaondoka. Kama una fundi wa tovuti, mwambie ahakikishe seva inajibu maombi ya vipande kwa namba 206, na inatambulisha faili kama audio/mpeg. Atakuelewa.

Ukishamaliza, usijaribu kwa simu yako peke yake. Nenda gulioni au kaa kwenye kibanda cha kuchaji simu. Omba simu tano tofauti: Android ya bei ndogo, iPhone ya mtumba, moja yenye Opera Mini, kitochi cha 4G cha KaiOS kama kipo, na moja ukurasa ufunguliwe kutoka ndani ya Facebook. Mpe mwenye simu abonyeze mwenyewe, wewe nyamaza uangalie kidole chake kinaenda wapi. Mimi hufanya hivyo karibu na makarasha pia, maana kama sauti yangu haisikiki pale mtambo unaposaga mawe, basi niongee taratibu zaidi na nisogee karibu na kinasa.

Rekodi ya wiki hii ni ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba kabla ya Septemba 15, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Kila moja ni dakika 4, haifiki MB moja. Ikigoma niandikie mambo manne: simu ya aina gani, kivinjari gani, mtandao gani, na je, sekunde zinatembea au zimesimama.